Mtoto anapotaka kucheza lakrosi, msikimbilie dukani

Ndugu Mhariri,

Kila Desemba na Januari watoto wa familia za Waswahili huku Marekani hurudi nyumbani na karatasi ya shule: klabu ya lakrosi inaandikisha wachezaji wa msimu wa machipuko. Mzazi aliyekulia Kigoma, Uvira au Mombasa anaujua mpira wa miguu, anaujua wa kikapu, pengine na netiboli. Huu wa kudaka, kurusha na kufunga mpira kwa fimbo yenye wavu hajawahi kuuona, na mtoto amekwisha kusema anautaka. Wiki haiishi, baba au mama yuko dukani anauziwa mzigo wa vifaa ambavyo vingine si saizi ya mtoto na vingine si vya mchezo atakaoucheza. Sisi tunaofundisha watoto mchezo huu tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuwaeleze wazazi wenzetu yale ambayo ile karatasi haiyasemi. La kwanza: jiandikisheni klabu ya mtaani, azimeni vifaa, nunueni vichache vinavyomkaa mtoto sawasawa, na hela iliyobaki ikae mfukoni.

Asili ya mchezo ni kwa Wahaudenosaunee, mataifa ya wenyeji wa upande wa New York na Ontario, ambao kwao una uzito wa ibada na ambao hadi leo wana timu yao ya taifa. Kanada iliutangaza kwa sheria ya 1994 kuwa mchezo wake wa taifa wa kiangazi. Afrika Mashariki nayo imo: Uganda ilipeleka timu kwenye ubingwa wa dunia wa wanaume huko Denver mwaka 2014, ya kwanza kutoka bara la Afrika, na wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 19 walicheza ubingwa wao Kanada mwaka 2019. Olimpiki ya Los Angeles ya 2028 itakuwa nao pia, kwa mtindo wa wachezaji sita kila upande. Hayo yanatosha kwa historia.

Linalowagharimu wazazi wengi ni kutojua kwamba wavulana na wasichana hawachezi mchezo mmoja. Wavulana wakubwa huingia uwanjani kumi: kipa, mabeki watatu, viungo watatu na washambuliaji watatu. Wanavaa helmeti, glavu na pedi, kwa sababu sheria inaruhusu kugonga fimbo na glavu za mwenye mpira, na kuanzia umri fulani inaruhusu kugongana miili. Wasichana katika shule za Marekani hucheza kumi na wawili. Kugongana miili ni kosa, kupitisha fimbo ndani ya inchi 7 za kichwa cha mwenzako ni kosa, na beki hata akisimama tu kati ya goli na mpigaji bila kumkaba mtu, refa anapuliza, maana anaweza kupigwa na mpira usoni. Ndiyo maana binti asiye kipa havai helmeti ngumu wala pedi za mabega. Anavaa miwani ya kinga yenye nondo na kinga ya meno, basi. Aliyemnunulia binti yake seti ya wavulana ametupa pesa: fimbo yenyewe ina mfuko, yaani sehemu ya wavu inayobeba mpira, wenye kina kisichoruhusiwa upande wa wasichana.

Wazazi wanaoogopa mtoto kuumizwa wajue pia kwamba kanuni za vijana za USA Lacrosse, chama kinachosimamia mchezo huu nchini, zinakataza kugongana miili kwa wavulana wa kundi la chini ya miaka 12 na yote yaliyo chini yake. Kundi la chini ya miaka 14 huruhusiwa kwa mipaka. Wasichana wa chini ya miaka 10 hawaruhusiwi hata kugonga fimbo ya mwenzao. Watoto wadogo kabisa hucheza wachache kwenye uwanja mdogo, mara nyingi bila kipa. Ukiona mtoto wa miaka tisa anafundishwa kumvamia mwenzake kwa bega, hapo tatizo ni kocha, na mna haki ya kumuuliza anafuata kanuni ya kundi gani.

Umri wenyewe hupimwa kwa tarehe. Desturi ya kanuni za vijana ni kutazama mtoto alikuwa na miaka mingapi tarehe 31 Agosti iliyotangulia msimu, ingawa ziko klabu zinazopanga kwa darasa la shule. Hapa kuna jambo linalowahusu hasa waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale. Watoto wengi wa kambini wameandikiwa kuzaliwa 1 Januari, kwa kuwa hakukuwa na cheti. Klabu itafuata tarehe iliyo kwenye hati, na ubishi wa siku ya mechi hausaidii. Kama umbo la mtoto ni dogo kuliko la wenzake wa kundi hilo, mwelezeni kocha wakati wa kujiandikisha, aulize ligi kama inaruhusu ashuke. Klabu inachohitaji ni uthibitisho wa umri. Hali yenu ya uhamiaji si kazi yake kuiuliza.

Pamoja na ada ya klabu, klabu nyingi hudai uanachama wa USA Lacrosse, ambao hulipwa kila mwaka na huja na bima ya ajali. Bima hiyo hulipa baada ya bima yenu wenyewe ya afya. Haichukui nafasi yake, kwa hiyo kadi ya bima ya mtoto iwe na picha kwenye simu ya yeyote atakayempeleka mazoezini.

Sasa vifaa, na hapa tutakaa kidogo.

Kabla ya kununua chochote, andikieni klabu swali moja: mna vifaa vya kuazima? Nyingi zinavyo na hazitangazi. Vinavyoazimika bila wasiwasi ni pedi za mabega, kinga za viwiko, glavu na vifaa vyote vya kipa. Vya kununua vipya ni kinga ya meno na, kwa wavulana, kinga ya sehemu za siri. Viatu msinunue kama mtoto ana njumu za mpira wa miguu, maana zinafaa kabisa. Zenye meno ya chuma hazikubaliwi.

Helmeti ya mvulana ipimwe kichwani, isikadiriwe kwa umri. Zungusha utepe wa kupimia kichwani, inchi moja juu ya nyusi, kisha tafuta saizi hiyo kwenye jedwali la mtengenezaji. Ikivaliwa, ukingo wake wa mbele ukae kama inchi moja juu ya nyusi, kidevu kiingie vizuri kwenye kikombe chake, na mikanda yote minne ifungwe. Mwambie mtoto atikise kichwa kwa nguvu: ngozi ya paji la uso iende pamoja na helmeti. Helmeti ikizunguka peke yake ni kubwa, na kuijazia kitambaa si dawa. Helmeti kubwa ikipigwa huteleza, na nondo zake ndizo zinazompiga mtoto puani. Ya mitumba itazamwe kama ina alama ya NOCSAE, chombo cha Marekani kinachoweka viwango vya usalama wa vifaa vya michezo, kama gamba halina ufa, na kama skrubu za nondo zimekaza. Skrubu hulegea zenyewe kwa mitikisiko, hivyo zikagueni kila wiki kwa bisibisi. Msipake rangi, na msiiache ndani ya buti la gari siku za joto.

Pedi za mabega ndizo zinazotaka macho zaidi. Tangu 1 Januari 2022 mvulana anayecheza uwanjani asiye kipa lazima avae zenye kinga ya kifua iliyothibitishwa kwa kiwango cha NOCSAE kiitwacho ND200, na kwa makipa sharti hilo lilianza mwaka mmoja kabla. Pedi za zamani ambazo kaka alizitumia mwaka 2018, au zile za bei ya kutupa kwenye mtandao, huenda hazina alama hiyo, na refa akizikagua mtoto atakaa nje. Kiwango hicho hakikuwekwa bure. Mpira wa lakrosi ni raba ngumu isiyo na uwazi ndani, una uzito wa gramu 142 hadi 149. Ukimpiga mtoto kifuani usawa wa moyo, katika sehemu ndogo sana ya sekunde ambayo moyo unajiandaa kwa pigo linalofuata, unaweza kuuvuruga moyo mzima ulio na afya ukaacha kusukuma damu. Ni nadra, lakini hutokea, na wavulana wa umri wa shule ndio wanaopatwa zaidi. Kwa hiyo bamba la kifua lifunike moyo kweli. Mtoto anaponyanyua mikono juu, bamba lisipande likafika shingoni. Likipanda, pedi ni ndogo au mikanda ya ubavuni imelegea.

Glavu: ncha za vidole zifike karibu na mwisho wa glavu. Glavu kubwa humfanya mtoto ashike fimbo kwa kiganja badala ya vidole, na mpira unamtoka. Msikate viganja vya glavu ili ashike vizuri, kwa kuwa glavu iliyokatwa hairuhusiwi uwanjani. Kinga za viwiko zikiwa kubwa huteleza hadi kwenye kigasha, kiwiko kikabaki wazi.

Kinga ya meno ya kuchemsha hutengenezwa nyumbani kwa dakika tano, na wengi huiharibu kwa haraka. Chemsha maji, yatoe kwenye moto, tumbukiza kinga kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti (kila mtengenezaji ana zake), itoe kwa kijiko, igusishe maji baridi kidogo isimuunguze, iweke kwenye meno ya juu, kisha mtoto aume kwa nguvu, avute mate ndani na kuisukuma kwa ulimi huku wewe ukiibana kwa nje ya mashavu. Baada ya hapo iingie maji baridi. Ikiwa imekaa, akifungua mdomo haidondoki. Ikidondoka, rudia, au nunua nyingine. Chagueni yenye rangi kali, maana refa anataka aione akiwa mbali. Nyeupe au isiyo na rangi itawaletea matatizo. Mtoto mwenye nyaya za meno anahitaji aina yake maalumu, wala ile ya kuchemsha ya kawaida isitumike, kwani huganda kwenye nyaya. Na nunueni mbili. Watoto huitafuna, na iliyotafunwa haimkingi mtu.

Fimbo ndiyo inayowafanya watoto waache mchezo. Fimbo za bei nafuu zinazouzwa zikiwa zimeunganishwa tayari huja na wavu uliokazwa, mfuko hauna kina, na mpira unaruka nje kila mtoto anapopokea. Mtoto anaamini hajui kucheza, kumbe ni wavu. Siku ya kwanza uulainisheni: wekeni mpira mfukoni, usukumeni kwa nguvu na kitako cha fimbo nyingine au mpini wa ufagio, mara nyingi, kisha ufungeni kwa kamba ulale humo usiku. Fanyeni hivyo siku kadhaa. Msivuke mpaka: kwa wavulana, shika fimbo ikiwa imelala usawa wa macho na mpira ndani yake, na ukiona mwanga kati ya juu ya mpira na ukingo wa chini wa kichwa cha fimbo, mfuko umezama mno na ni kosa. Wa wasichana uwe na kina pungufu ya hapo, na kocha ndiye aupime. Kuna nyuzi za kurushia zilizopita juu ya mfuko, karibu na mdomo wake. Mpira ukipiga chini mbele ya mtoto kila anaporusha, nyuzi hizo zimekazwa mno au mfuko una kina mno, zilegezeni kidogo. Ukipaa juu ya kichwa cha mwenzake, mfuko hauna kina. Mvua hulegeza wavu laini, hivyo baada ya mechi ya mvua upimeni upya.

Urefu: fimbo fupi ya mvulana ni inchi 40 hadi 42, lakini wa chini ya miaka 10 huruhusiwa hadi 37, na kwao fimbo ndefu za mabeki haziruhusiwi kabisa. Mtoto mfupi akipewa ya 42, kitako kinamgonga mbavuni kila anapokimbia. Mpini unaweza kukatwa kwa msumeno wa chuma, mradi msishuke chini ya kipimo cha kundi lake na kitako kizibwe kwa kifuniko cha mpira. Bomba lililo wazi linakata nyama, na refa halikubali. Ya wasichana huwa kati ya inchi 35.5 na 43.25.

Binti anayevaa hijabu hana kizuizi cha kucheza. Avae ya michezo, ya kitambaa kinachovutika, isiyo na pini, na mkanda wa miwani upite juu yake ukaze sawasawa. Miwani iwe na alama ya ASTM F3077, kiwango cha miwani ya kinga ya lakrosi ya wasichana. Miwani ya kuogelea, ya jua au ya maabara haihusiki.

Mtoto akishapata vifaa, kinachomjenga ni ukuta. Tafuteni ukuta wa matofali au zege usio na dirisha, kwa mfano nyuma ya shule jioni. Msitumie mlango wa gereji, unabonyea, wala ukuta wa ghorofa mnaloishi, jirani atawaita wenye nyumba kabla hamjafika mpira wa ishirini. Kwa wanaokaa kwenye maghorofa, mpira wa tenisi unafaa kuanzia: hauna kelele na hauvunji kitu. Asimame mita 3 kutoka ukutani, arushe na kudaka 25 kwa mkono wa kulia, 25 wa kushoto, kisha arudie, na akizoea arudi nyuma hadi mita 5. Dakika 15 kwa siku, siku nne kwa wiki, zinamtosha mtoto wa miaka tisa. Mikono miwili kwa zamu tangu mwanzo. Anayeachwa atumie mmoja tu hadi miaka kumi na mbili hutabirika, na beki anamjua upande.

Makosa ni yale yale kila msimu. Mkono wa chini unasahauliwa katikati ya mpini badala ya kukaa kwenye kitako, hivyo hakuna nguvu. Viwiko vinabanwa kifuani. Wakati wa kudaka mtoto anaupiga mpira kwa fimbo, naye anapaswa kuupokea pembeni mwa sikio huku fimbo ikirudi nyuma pamoja nao. Wakati wa kuokota mpira chini anasimama wima na kuukandamiza kwa mgongo wa fimbo, na wakati huo wapinzani watatu wamekwisha kumfikia. Afunzwe hivi: mguu kando ya mpira, magoti yamekunjwa, mkono wa chini ushuke hadi mpini ukaribie kulala, kisha apite nao kwa mwendo kama anayezoa mchanga kwa koleo, na asisimame hadi hatua tano mbele. Katika umri huu mpira uko chini sehemu kubwa ya mechi. Mtoto anayejua kuokota ana kazi uwanjani hata kama hajui kufunga.

Mipira ya mazoezi ikichakaa hung'aa na kuwa na utelezi wa mafuta. Hudunda vibaya na hutoka mfukoni. Tupeni. Mpya iwe na alama ya NOCSAE.

Kuhusu kuumia, jambo moja tunalisisitiza kuliko yote. Kila mwaka klabu itawapa karatasi ya mtikisiko wa ubongo mtie saini. Majimbo yote ya Marekani sasa yana sheria yake, ya mwanzo ikiwa ya Washington ya mwaka 2009. Mtoto anayeshukiwa kupata mtikisiko hutolewa, harudi siku hiyo, na kwa kawaida harejei bila ruhusa ya maandishi ya mtaalamu wa afya. Tatizo letu sisi ni lugha: karatasi iko kwa Kiingereza, mzazi anamwita mtoto amfasirie. Mtoto huyo huyo ndiye atakayemfasiria daktari siku akiumia, na kwa kuwa anataka kucheza Jumamosi, atasema haumwi. Ombeni hospitali mkalimani. Huduma hiyo hutolewa bila malipo, na hospitali nyingi zinao wakalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu. Nyumbani tazameni wenyewe: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchukia mwanga, kurudia swali lile lile, kulala kusiko kwa kawaida, hasira zisizo zake. Akitapika mara kwa mara, akishindwa kuamka vizuri au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, ni 911, si kusubiri asubuhi.

Kwa moyo, ulizeni mahali kilipo kifaa cha kushtua moyo, kile kilichoandikwa AED. Kikifungiwa ndani ya jengo la shule jioni, ni sawa na kutokuwepo. Mtoto akianguka ghafla baada ya kupigwa kifuani, mmoja apige 911, mwingine aanze kukandamiza kifua, wa tatu akimbilie kifaa. Kila dakika inayopita bila kushtuliwa hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia kumi. Radi nayo ina kanuni yake: ngurumo ikisikika, wote waondoke uwanjani, waingie garini au ndani ya jengo, na dakika 30 zihesabiwe upya kila inaponguruma tena. Hema la klabu halihesabiki kuwa kimbilio.

Wazazi watazamaji wasikae nyuma ya magoli. Wanaokuja na mtoto mchanga au mwenye miaka miwili mitatu wampeleke mbali na uwanja wa kupashia misuli pia, kwani huko ndiko mipira hurushwa kila upande na hakuna anayetazama. Mtaombwa kusaidia mezani, kushika saa au kuandika magoli. Kubalini hata kama Kiingereza hakijakaa. Kazi hiyo ni namba tupu, na mnajifunza kanuni haraka kuliko mkikaa kwenye viti.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, mazoezi yanapoanza. Mwambieni kocha mapema, kabla mtoto hajaonekana mvivu. Mtoto aliyefunga anaweza kufanya kazi ya fimbo na kuokota mipira, akaachiwa mbio za mwisho. Tende na maji viwe kwenye begi kama mazoezi yanapita magharibi. Kwa wanaokwenda kanisani, takeni ratiba ya mechi za Jumapili kabla ya kulipa. Na kwa wote: kocha asikae peke yake na mtoto mahali pa faragha, asimtumie ujumbe wa siri, asimpe lifti peke yake. Sheria ya shirikisho ya kulinda watoto michezoni iliyotiwa saini 2018 imeweka wajibu wa kutoa taarifa, kwa hiyo msione aibu kuuliza nani amekaguliwa rekodi na mzazi yupi anakuwepo.

Mwisho ni pesa. Kuna klabu za mtaani, na kuna timu za kusafiri zinazochagua wachezaji kwa majaribio na kudai ada kubwa, mbali na hoteli na mafuta ya gari. Mauzo yao kwa wazazi wageni yana neno moja: ufadhili wa chuo. Hesabu yake ni hii. Michezo ya vyuo imegawanywa madaraja matatu. Hadi 2025, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kutoa sawa na ufadhili kamili 12.6 tu kwa timu nzima ya wanaume, timu ambayo mara nyingi ina wachezaji zaidi ya 40. Wengi walipata kipande. Kikomo hicho kimebadilishwa, lakini hakuna chuo kinacholazimishwa kuongeza fedha, na vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Tena kanuni iliyopitishwa 2017 inamzuia kocha wa daraja la kwanza kuwasiliana na mchezaji au familia yake kuhusu kumsajili kabla ya 1 Septemba ya darasa la 11. Anayewaambia kwamba mtoto wenu wa darasa la nne anatazamwa na vyuo anawauzia kitu. Tungesema msubiri hadi miaka 12 au 13, na hata hapo mtoto awe ndiye anayeomba.

Mkiamua kulipa timu ya namna hiyo, takeni kwa maandishi: ada ya jumla pamoja na sare, idadi ya mashindano na miji yake, siku ya mwisho ya kurudishiwa fedha, na kinachotokea mtoto akiumia katikati ya msimu. Ulizeni pia kama kuna punguzo kwa kipato, kwa kuwa klabu nyingi huwa nalo na hulitoa kwa anayeuliza kabla ya orodha kufungwa mwezi Januari au Februari.

Makocha wa kujitolea wa watoto,
Ohio, Marekani